Nani Huipa Seli Ruhusa ya Kugawanyika?

Mwaka 1841, mjini Berlin, daktari kijana aitwaye Robert Remak alikuwa akichunguza damu ya viinitete vya kuku kwa hadubini alipoona jambo ambalo wakubwa wa sayansi wa siku zile hawakulitarajia. Baadhi ya chembe nyekundu za damu zilikuwa zimebanwa katikati. Kila moja ilikuwa na viini viwili, na kati ya upande huu na ule ilibaki shingo nyembamba tu. Seli moja ilikuwa inazaa mbili.

Seli zenyewe zilikwisha kujulikana. Mwingereza Robert Hooke aliziona mwaka 1665 katika kipande chembamba cha gome la mti ambao hutengenezewa vizibo vya chupa, na ndiye aliyezipa jina. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea imeundwa kwa seli. Mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema vivyo hivyo kuhusu wanyama. Ila katika swali la seli mpya hutoka wapi, wote wawili walipotea njia. Waliamini kwamba huganda zenyewe ndani ya ute, kwa namna ileile fuwele zinavyoganda katika maji ya chumvi.

Remak hakuridhika. Kwa zaidi ya miaka kumi alirudia uchunguzi wake, akafuatilia na mayai ya vyura tangu yanaporutubishwa, kisha mwaka 1852 akaandika bila kusitasita kwamba hakuna seli inayozuka yenyewe: kila moja ni zao la kugawanyika kwa nyingine iliyotangulia. Alikuwa Myahudi kutoka Posen, na Prussia ya wakati huo haikumruhusu Myahudi asiyebatizwa kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Ilimbidi kumwandikia mfalme maombi, na mwaka 1847 ndipo alipokubaliwa kufundisha Berlin, akiwa miongoni mwa Wayahudi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Uprofesa kamili hakuupata hadi alipofariki mwaka 1865.

Aliyevuna sifa ni Rudolf Virchow, tabibu mashuhuri na mwanasiasa, ambaye mwaka 1855 alilitangaza wazo hilohilo kwa kaulimbiu fupi ya Kilatini isemayo kila seli hutokana na seli, kisha akalijengea kitabu kizima mwaka 1858. Kaulimbiu ikaenea dunia nzima, jina la Remak likabaki nyuma.

Hata hivyo hoja ilisimama, na ilikuwa na uzito kuliko walivyofikiri wenyewe. Ikiwa kila seli ina mzazi, basi hata uvimbe wa saratani haukushuka kutoka nje; ni kizazi cha seli ya mwili ambayo iliendelea kugawanyika pale ilipopaswa kutulia. Hapo likazaliwa swali ambalo lingechukua miaka zaidi ya 100 kujibiwa: ni nini huiambia seli igawanyike, na ni nini huikataza?

Nyuzi katika mkia wa salamanda

Kabla ya kujua sababu, ilibidi watu wajue kwanza kinachotokea. Kazi hiyo ilimwangukia Walther Flemming, aliyekwenda kufundisha Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1876. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi mpya za nguo, na watafiti wakagundua kwamba rangi hizo zikitiwa kwenye kipande cha mwili, baadhi ya sehemu za seli hunywa rangi na nyingine huikataa. Flemming alichagua viluwiluwi vya salamanda kwa sababu seli zake ni kubwa na hukua kwa kasi. Ndani ya kiini aliona dutu iliyoshika rangi sana, akaiita kromatini.

Kisha alizipanga picha zake kwa kufuata mfuatano wa matukio. Kwanza dutu ile hujikunja ikawa nyuzi fupi nene. Nyuzi hujipanga katikati ya seli. Kila uzi huonekana umepasuka kwa urefu wake, na nusu hizo huvutwa kuelekea ncha mbili tofauti. Mwishowe viini viwili vipya huundwa na seli hukatika katikati. Alihakikisha kwa kutazama pia seli zilizo hai, ili asije akadanganywa na rangi zake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1882, na tendo hilo alilipa jina ambalo tunalitamka mitosisi. Miaka 6 baadaye, Mjerumani mwingine, Wilhelm Waldeyer, aliziita nyuzi hizo kromosomu.

Jambo lililowashangaza wasomaji wa Flemming ni ule uangalifu wa seli. Kama shabaha ingekuwa kukata kiini vipande viwili tu, ingetosha kukikata popote. Kwa nini basi kupasua kila uzi kwa urefu wake na kugawa nusu kwa nusu? Bila shaka ndani ya nyuzi mlikuwa na mali isiyotakiwa kupotea.

Theodor Boveri ndiye aliyethibitisha. Alitumia mayai ya yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, ambaye wavuvi wanamjua kwa maumivu ya nyayo. Yai lake huonyesha ndani hadubini inapowekwa juu yake, na hugawanyika kwa haraka. Boveri aliyarutubisha mayai kwa mbegu mbili badala ya moja, hivyo kromosomu zikavutwa kwenda pande tatu au nne na kugawanywa ovyo. Mwaka 1902 alitoa hukumu yake: seli zilizokosa seti kamili hazikui sawasawa. Si idadi tu inayohitajika. Kila kromosomu ina kazi yake.

Mwaka 1914, mwaka mmoja kabla hajafa, Boveri aliandika kitabu kuhusu chanzo cha uvimbe wa saratani. Alidai kwamba saratani huanza na seli moja ambayo kromosomu zake zimeharibika, na kwamba huenda katika seli ya kawaida kuna kitu kinachozuia kugawanyika, ambacho kikipotea seli huzaana bila kikomo. Alikuwa akiandika kabla haijajulikana jeni imetengenezwa kwa nini. Miaka 70 baadaye watafiti walizikuta jeni za aina hiyohiyo.

Muda uliodhaniwa wa mapumziko

Kwa miongo kadhaa, wanasayansi walitazama mitosisi peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua takriban saa 24 kumaliza mzunguko mmoja, na katika hizo ni saa moja hivi tu ya kugawanyika. Saa zilizobaki ziliitwa za mapumziko.

Alma Howard, mzaliwa wa Kanada, na Stephen Pelc, aliyetoka Vienna, walikuwa wakifanya kazi katika Hospitali ya Hammersmith, London. Waliilisha mizizi ya maharage mapana fosforasi yenye mionzi, kisha wakaibandika juu ya filamu ya picha ili mionzi yenyewe ichore mahali ilipofikia. Seli inayotengeneza DNA mpya hunyonya fosforasi hiyo na kuacha alama. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1951 na 1953 ilionekana kwamba DNA hainakiliwi wakati wa mitosisi, wala hainakiliwi muda wote wa yale mapumziko. Hunakiliwa katika kipindi maalumu cha katikati, chenye mwanzo na mwisho.

Hivyo mzunguko wa seli ukapata sehemu nne zinazofundishwa hadi leo. G1 ni kipindi cha kukua baada ya kuzaliwa. S ni kipindi cha kunakili DNA. G2 ni kipindi cha kujiandaa. M ni mitosisi yenyewe. Seli ambayo haitakiwi kugawanyika, kama nyingi za neva, hutoka nje ya mzunguko na kukaa.

Jina la kila kipindi likapatikana, lakini msukumo haukujulikana. Ni nini huitoa seli G1 na kuiingiza S? Ni nini huitoa G2 na kuiingiza M?

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye seli za mwanamke aliyekwisha kufa. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi mwenye watoto watano, alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi tarehe 4 Oktoba 1951 katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akiwa na umri wa miaka 31. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba idhini, na seli zake, zilizoitwa HeLa, zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kugawanyika maabara bila kukoma. Familia yake haikujua kwa miaka mingi.

Mwaka 1970, Potu Rao na Robert Johnson, wakiwa Colorado, waliunganisha seli mbili za HeLa zilizo katika vipindi tofauti zikawa seli moja yenye viini viwili. Seli ya kipindi cha S ilipounganishwa na ya G1, kiini cha G1 nacho kikaanza kunakili DNA kabla ya wakati wake. Iliyokuwa katika mitosisi ilipounganishwa na yoyote nyingine, kromosomu za mwenzake zikajikunja hapohapo, ziwe tayari au zisiwe. Maana yake ilikuwa wazi. Amri ilikuwa ikielea ndani ya ute wa seli, na kiini chochote kiliitii.

Mwaka uliofuata Mjapani Yoshio Masui, akishirikiana na Clement Markert, alifikia mahali hapohapo kwa njia ya chura. Yai changa la chura husubiri homoni ya projesteroni ndipo likomae na kuanza kugawanya kromosomu zake. Masui alifyonza ute kidogo kutoka yai lililokomaa, akaudunga katika yai changa lisiloguswa na homoni. Yai changa likakomaa. Kitu kilichomo katika ute huo kilipewa jina la kifupi, MPF. Kwa miaka 17 hakuna aliyefaulu kukitenga na kukionyesha.

Hamira ya Seattle na hamira ya Edinburgh

Wakati wenzao wakihangaika na vyura, watu wawili waliamua kutafuta jibu kwa kiumbe cha bei rahisi kuliko vyote: hamira.

Leland Hartwell alihamia Seattle, Marekani, mwaka 1968, akachagua hamira ya waokaji mikate. Kiumbe hiki ni seli moja tu, na hugawanyika kwa kuchipuza. Ukubwa wa chipukizi hueleza seli imefikia kipindi gani. Hartwell alizilisha hamira kemikali zinazoharibu jeni, kisha akatafuta zile zinazokua vizuri kwenye nyuzi 23 lakini hukwama kwenye nyuzi 36. Picha zilizopigwa na mwanafunzi wake Brian Reid zilionyesha jambo la kupendeza: seli zenye jeni moja iliyoharibika hazikukwama ovyo, bali zote zilikwama na chipukizi la ukubwa uleule. Kila jeni ilikuwa na zamu yake katika mzunguko.

Kwa njia hiyo kundi lake lilikusanya zaidi ya jeni 100, na moja ikajitokeza kuwa kiongozi. Iliitwa cdc28. Ikiharibika, seli haianzi kabisa. Hartwell alionyesha kwamba pale mwishoni mwa G1 seli hupima kama chakula kipo na mwili umekua vya kutosha. Ikishapita hapo, haina kurudi nyuma, itamaliza mzunguko.

Hamira ya pili ina asili inayotuhusu. Mwaka 1893, enzi za ukoloni wa Kijerumani, Paul Lindner aliitenga nchini kwao kutoka pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiandikisha kwa jina la kisayansi *Schizosaccharomyces pombe*. Ndilo jina linaloandikwa na maabara za Tokyo, London na New York hadi leo. Haichipuzi. Ina umbo la kijiti, hurefuka hadi kipimo fulani, kisha hujikata katikati. Katika miaka ya 1950 Murdoch Mitchison wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, aliona kwamba kiumbe anayerefuka kwa namna hiyo ni rahisi kumjulia umri: pima urefu, utajua amefika wapi.

Kijana wa Kiingereza aliyemfuata Mitchison kule Edinburgh alikuwa Paul Nurse. Alikulia London katika familia ya wafanyakazi wa kawaida, akafeli mtihani wa Kifaransa mara kwa mara hata vyuo vikuu vikamkatalia, na kwa muda akafanya kazi kama fundi wa maabara katika kiwanda cha bia. Alipofika Edinburgh alikuwa akitafuta hamira ambazo jeni zake zimeharibika. Lakini yeye alizigeukia zile zilizogawanyika mapema, zikiwa bado fupi. Hoja yake ilikuwa ya busara: kuvunja kifaa chochote husimamisha mashine, ila kifaa kikiharibika na mashine ikaenda mbio zaidi, hicho ndicho kilichokuwa kikidhibiti mwendo.

Alipata hamira fupi karibu 50, na zote isipokuwa moja zilikuwa na kasoro katika jeni ileile, aliyoiita wee1, ambayo kazi yake ni kuchelewesha. Ile moja nusura iishie kwenye pipa la taka. Sahani yake ilikuwa imeingiliwa na ukungu, ilikuwa Ijumaa jioni, mvua inanyesha, na Nurse akaitupa akaenda nyumbani. Baada ya kula dhamiri ikamsumbua, akapanda baiskeli akarudi kuiokota. Hamira hiyo ndiyo iliyomwongoza kwenye jeni ya cdc2, ambayo huiruhusu seli kuingia katika mitosisi. Mwaka 1982 ikathibitika kwamba cdc2 ya hamira ya pombe na cdc28 ya hamira ya mikate ni jeni moja yenye majina mawili.

Je, na binadamu anayo? Mwaka 1987, London, Melanie Lee na Nurse walichukua hamira ambazo cdc2 yake imekufa, wakazimwagia vipande vya DNA ya binadamu, wakasubiri. Nyingi zilikufa. Chache zikaanza kugawanyika, zikiendeshwa na jeni ya mtu. Ukoo wa hamira na ukoo wa binadamu ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na muda wote huo ufunguo haukubadilishwa.

Protini inayotoweka

Kwa upande mwingine wa bahari, Mwingereza Tim Hunt alikuwa akitumia miezi ya kiangazi katika maabara ya bahari ya Woods Hole, kwenye jimbo la Massachusetts. Hakuwa mtafiti wa mzunguko wa seli. Alishughulika na jinsi protini zinavyotengenezwa. Julai 1982 alichukua mayai ya wale wanyama wenye miiba, akayarutubisha, akayatia kiungo chenye mionzi ili protini mpya zionekane, na kila baada ya dakika chache akachota kidogo.

Protini nyingi zilizidi kuongezeka, kama ilivyotarajiwa. Moja haikufanya hivyo. Ilijaa, ikajaa, kisha yai lilipokaribia kugawanyika ikatoweka ghafla. Baada ya hapo ikaanza kujaa upya. Ilikwenda kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, na kila kupwa kukafuatana na mgawanyiko mmoja. Wakati huo wengi waliamini kwamba protini ikishatengenezwa hudumu. Kutoweka kwa makusudi kulikuwa jambo geni. Hunt aliiita saiklini, na taarifa ikachapishwa mwaka 1983. Baadhi ya wenzake walitilia shaka. Lakini Joan Ruderman na wenzake waliikuta katika mayai ya kombe wa baharini pia, na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba maagizo ya kutengeneza saiklini yakidungwa katika yai changa la chura, yai hukomaa bila homoni, sawasawa na ute wa Masui.

Njia zote zilikutana mwaka 1988. Manfred Lohka na James Maller, huko Colorado, walifanikiwa kuitenga ile MPF kutoka mayai ya chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, ambaye miaka ya nyuma alisafirishwa duniani kote kwa ajili ya kupimia ujauzito. Walikuta imeundwa kwa sehemu mbili. Moja ilikuwa protini ya jeni ya cdc2 ya Nurse. Nyingine, ilivyobainika muda mfupi baadaye, ilikuwa saiklini ya Hunt.

Sasa mtambo ukaonekana mzima. Protini ya cdc2 ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine na hivyo kuziwasha au kuzizima. Peke yake haina nguvu. Saiklini inapojaa hushikana nayo na kuipa uwezo. Wee1 huizuia hadi seli ikue vya kutosha. Jeni nyingine, cdc25, huondoa kizuizi hicho. Kimeng'enya kikishaachiliwa, utando wa kiini huvunjika, kromosomu hujikunja, nyuzi za kuzivuta hujengwa. Lakini kutoka katika mitosisi kuna sharti lake. Mwaka 1989 Andrew Murray na Marc Kirschner walionyesha kwamba saiklini isiyoweza kuharibiwa huifungia seli ndani ya mitosisi, isitoke. Ni lazima saiklini iwekewe alama ya kuangamizwa na kusagwa, ndipo seli ikatike na kuanza upya. Kuingia ni kwa kujenga, kutoka ni kwa kubomoa.

Hartwell aliongeza sehemu ya mwisho. Akiwa na Ted Weinert, aliona kwamba hamira iliyopigwa mionzi husimama kwanza, hurekebisha DNA yake, kisha huendelea. Hamira iliyokosa jeni iitwayo rad9 haisimami. Hugawanyika na majeraha yake, na hufa. Mvumbika changa hula mbovu. Matokeo hayo ya mwaka 1988 yaliibua wazo la vituo vya ukaguzi: kabla ya kuvuka kila hatua, seli hukagua kama ya nyuma imekamilika.

Oktoba 2001 Hartwell, Hunt na Nurse walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Masui, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Lasker pamoja na Hartwell na Nurse mwaka 1998, hakuwemo. Tuzo ya Nobel haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, na historia hii ilikuwa na wengi kuliko hao.

Kutoka Kampala hadi kwenye kromosomu ya 8

Wakati haya yote yakiendelea Ulaya na Marekani, Afrika Mashariki ilikuwa imeshatoa ushahidi wake. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Haukupita muda akaona mwingine. Alipochungua kumbukumbu za hospitali alikuta visa vingi vya namna hiyo, na mwaka 1958 akauandika ugonjwa huo ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ndefu kwa gari kuukuu, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huu upo na wapi haupo. Waliukuta katika nchi za joto na mvua, kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda vilikutwa na kirusi kipya, kilichoitwa Epstein-Barr.

Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa nini? Mwaka 1982 maabara za Marekani zilipata jibu. Katika seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungwa mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni zinazotengeneza kingamwili, ambazo huwaka muda wote. Kipande hicho hubeba jeni ya myc, ambayo kazi yake ni kuisukuma seli itoke G1 iingie S. Ikiwa jirani na jeni isiyozimika, nayo haizimiki. Boveri alikuwa sahihi.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi wa Afrika Mashariki, huvunja ulinzi kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha kwamba husababishwa na kirusi cha HPV, na seli za Henrietta Lacks zikakutwa nazo zina kirusi hicho, cha aina ya 18. Ndani ya seli kirusi hutengeneza protini mbili. Ya kwanza hushika protini ya mwili iitwayo Rb, inayoizuia seli kutoka G1 kabla ya ruhusa. Ya pili huangamiza p53, protini inayosimamisha mzunguko DNA inapojeruhiwa. Mlinzi wa lango ameondolewa, mkaguzi ameuawa, na seli huendelea kugawanyika na makosa yake yote. Jeni ya p53 ndiyo iliyokutwa imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu.

Elimu hii imeshageuka dawa. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbociclib, dawa ya saratani ya matiti iliyotengenezwa mahususi kuzuia vimeng'enya vinavyofanya kazi pamoja na saiklini mwanzoni mwa mzunguko. Vimeng'enya hivyo ni ndugu wa karibu wa kile alichokitafuta Nurse katika hamira ya pombe. Bei ya dawa hiyo bado iko mbali na mfuko wa mgonjwa wa kawaida wa Mwanza au Kisumu.

Lakini kuna mambo mawili yasiyohitaji kusubiri bei ishuke. Limfoma ya Burkitt, kwa sababu seli zake hugawanyika upesi, huumizwa vibaya na dawa zinazoshambulia seli zinazogawanyika. Tangu miaka ya 1960 kuna watoto wa Kampala na Nairobi waliopona kwa dawa hizo. Sharti ni kuwahi. Mtoto anayevimba taya au tumbo na uvimbe ukaongezeka siku hadi siku apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Asipitishwe kwanza kwa mng'oa meno wala kwa mganga. Na HPV ina chanjo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mzazi anayemwachia binti yake achanjwe anazilinda Rb na p53 za mtoto wake kabla kirusi hakijazifikia, kinga ambayo haikuwepo enzi za Henrietta Lacks. Chanjo ikifika shuleni, mwache achanjwe.